Kidonda kwenye aota: vidonge, stenti au kupasuliwa?

Karatasi ya skaneri (CT scan) iliandikwa «ulcère pénétrant de l'aorte thoracique descendante», yaani kidonda kinachopenya kwenye aota ya kifua inayoshuka, na pale nyumbani Katuba, Lubumbashi, sote tulishika neno la kwanza tu. Ulcère: kwetu hicho ni kidonda cha tumbo. Yaya, mkubwa wetu, akatoka hadi farmasi ya kona, akarudi na omeprazoli na maziwa ya pakiti. Siku tatu nzima Papa, baba yetu, akanywa dawa ya tumbo, huku kidonda chenyewe kiko kwenye ukuta wa mshipa mkuu wa damu, nyuma ya moyo. Aliyetukabidhi ile karatasi dirishani alituambia maneno manne: "Kuna ulcère, muone daktari."

Miezi saba sasa niko katikati ya madaktari, wajomba na mashemeji, kila mmoja na rai yake. Huyu anataka mzee apelekwe India kesho, yule anasema mtu wa miaka 72 asiguswe na kisu. Kumbe wote wanaweza kuwa sahihi, ila kwa wagonjwa tofauti. Njia ni tatu, na kila njia ina mtu wake.

Kidonda chenyewe

Aota ni bomba kubwa linalotoka moyoni, likapanda kidogo, likapinda kama mpini wa mwavuli, kisha likashuka kifuani hadi tumboni. Ukuta wake una tabaka tatu. Kwa mtu aliyevuta tumbako miaka mingi na mwenye tansio (wengine huita presha) isiyotibiwa, tabaka la ndani huota utando wa mafuta na chokaa. Siku utando huo ukipasuka, damu hupata pa kuchimba: inavuka tabaka la ndani na kuingia la kati. Kuanzia hapo kinaitwa kidonda kinachopenya. Kinaweza kutulia hivyo miaka mingi bila neno. Kinaweza pia kuvujisha damu ndani ya ukuta, kuuchana ukuta kwa urefu, kuufanya utokeze nje kama puto, au kutoboka kabisa. Kikitoboka, mara nyingi hata muda wa kutafuta teksi haupo.

Papa alielewa kwa mfano wa baiskeli. Kila alfajiri watu wa makala (mkaa) wanapita mbele ya nyumba yetu, magunia yamepangwa nyuma hadi huwaoni vichwa. Tairi likichanika na fedha ya jipya hakuna, wanapunguza upepo na mzigo, wanasukuma polepole. Au wanakata kipande cha tairi kuukuu, wanakipachika kwa ndani penye mchaniko, upepo wenyewe unakikandamiza, safari inaendelea. Mwenye fedha anabadili tairi zima. Kupunguza upepo ndiyo vidonge. Kipande cha ndani ndiyo stenti. Tairi jipya ndiyo operesheni ya kufungua kifua. Mfano una kasoro, maana tairi halina uti wa mgongo wala figo, na hivyo viwili ndivyo vinavyovuruga hesabu. Lakini ulitosha kumfanya aache omeprazoli.

Kabla ya kuchagua, milimita

Usikubali mtu akushauri njia kabla hajajibu mambo matatu.

La kwanza, kidonda kiko wapi. Kikiwa kwenye sehemu inayopanda kutoka moyoni, ambayo madaktari huiandika aina A, hakuna mengi ya kulinganisha: shauri la kawaida ni kupasuliwa, tena haraka, kwa sababu kikitoboka damu inajaa kwenye mfuko wa moyo. Kikiwa kwenye sehemu inayoshuka, aina B, ambako ndiko vingi hutokea, ndipo mjadala wa vidonge na stenti unaanza.

La pili, ukubwa. Miongozo ya madaktari wa moyo wa Marekani na Ulaya huhesabu kuwa cha hatari kidonda chenye kina cha milimita 10 au zaidi, au upana wa kati ya milimita 13 na 20 na kuendelea. Vivyo hivyo kidonda kilichokua kati ya picha mbili, chenye damu iliyoingia ndani ya ukuta, au kinachoambatana na maji yanayoongezeka kifuani. Ripoti yetu ya kwanza haikuwa na kipimo hata kimoja. Niliirudisha. Nilinuniwa, lakini kesho yake ikatoka na namba: upana milimita 14, kina milimita 8. Papa alikuwa amesimama mpakani kabisa, kama lori la Kasumbalesa linalosubiri kuingia Zambia.

La tatu, kinauma? Maumivu ya ghafla, makali, kifuani au katikati ya mabega, ni dalili kuwa kidonda kinachimba. Yakirudi hata baada ya tansio kushushwa, uzito wa shauri unahamia kwenye stenti. Kidonda kilichoonekana kwa bahati tu, mtu alipopigwa skaneri kwa jambo jingine na haumwi popote, hicho mara nyingi kinatazamwa kwa utulivu.

Jambo moja la pembeni, kwa sababu linatuua. Papa alishikwa na maumivu akiwa amebeba bidoo la maji. Kituo cha kwanza kilimtibu malaria. Cha pili kikasema ni mgongo, kikamchoma diklofenaki siku tano, dawa inayopandisha tansio na kuchosha figo. Radio ya kifua (eksirei) ilikuwa safi, elektro ya moyo (ECG) ilikuwa safi. Vyote hivyo vinaweza kuwa safi mtu akiwa na kidonda hiki, kwani kinachokionyesha vizuri ni skaneri yenye dawa ya kung'arisha mishipa. Na bora maumivu haya yasichukuliwe haraka kuwa moyo umeziba, mtu akapewa dawa kali za kuyeyusha damu. Kwa aota iliyotoboka nusu, dawa hizo ni petroli kwenye moto.

Mgonjwa akiwa na homa pia, ongeza swali la nne: je, hiki si kidonda cha vijidudu? Salmonela na kaswende vinaweza kula ukuta wa aota, na picha zikafanana. Matibabu yanabadilika, maana kuweka stenti juu ya usaha ni kufungia mwizi ndani ya nyumba. Kwetu, ambako tifoidi ni jina la kila siku, vipimo vya damu kwa ajili hiyo haviachwi.

Vidonge

Familia nyingi huiita njia hii "kumrudisha nyumbani", kana kwamba madaktari wameshindwa. Mimi mwenyewe niliona hivyo wiki ya kwanza. Nilikosea. Kwa kidonda cha aina B kisichouma tena na kisichokua, vidonge ndiyo tiba inayopendekezwa kwanza, hata Johannesburg, hata Paris.

Siku za mwanzo, mgonjwa mwenye maumivu analazwa. Anapewa dawa ya maumivu ya kweli, mara nyingi mofini, na dawa za mshipani za kupunguza mapigo ya moyo. Shabaha ni mapigo yasiyozidi 60 kwa dakika na tansio ya juu kati ya 100 na 120. Mpangilio una maana: kwanza kupunguza kasi ya moyo kwa dawa za jamii ya labetaloli au esmololi, kisha kama haitoshi, kulegeza mishipa. Ukianza na kulegeza mishipa pekee, moyo unakimbia kufidia, na kila pigo linakuwa nyundo kwenye kidonda. Skaneri inarudiwa baada ya siku chache kuona kama kimetulia.

Nyumbani, tansio iwe chini ya 130 kwa 80. Papa anameza bisoprololi na amlodipini, pamoja na statini ya kutuliza ule utando wa mafuta. Mwenye pumu amwambie daktari kabla ya kupewa bisoprololi. Kisha picha: baada ya mwezi, baada ya miezi sita, baada ya mwaka, halafu kila mwaka.

Uzuri wa njia hii ni kwamba hakuna jeraha, hakuna uti wa mgongo unaohatarishwa, na dawa zote hizo zinapatikana Lubumbashi. Ubaya wake haupo kwenye dawa, upo kwetu. Vidonge vikiisha tarehe 27 na fedha inaingia tarehe 5, hizo siku nane ndizo hatari. Kuacha ghafla dawa za jamii ya bisoprololi kunaufanya moyo urudi kwa hasira. Sisi tulikubaliana kununua pakiti ya akiba, inakaa kabatini, haiguswi ila siku ya dharura, na ikiguswa inarudishwa kabla ya kitu kingine chochote, hata unga.

Mezani nako kuna vita. Makayabu (samaki wa chumvi) yameondoka, kibe cha kukolezea mchuzi kimepunguzwa, na Papa hadi leo anasema bukari (ugali) kwa sombe (kisamvu) isiyo na chumvi ni adhabu. Tumbako ilikuwa ngumu kuliko chumvi. Lakini kitu ambacho hakuna aliyetuambia, na nilikigundua kwa kuuliza: siprofloksasini, ile ambayo kila farmasi inauza bila karatasi kwa ajili ya tifoidi. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kuwa dawa za jamii hiyo zinaongeza uwezekano wa aota kupasuka, na zisipewe mtu mwenye tatizo la aota kama kuna dawa nyingine. Nimeandika jina lake kwa kalamu nyekundu kwenye mlango wa kabati.

Stenti

Hapa daktari anaingia kwa mshipa wa kinena. Anapandisha neli iliyokunjwa, kitambaa kilichoshikwa na wavu wa chuma, hadi penye kidonda, anaifungua, nayo inakandamiza ukuta kwa ndani. Damu inapita ndani ya neli, kidonda kinabaki nyuma ya kitambaa bila kupigwa. Mganga wa upasuaji Volodos alifanya kazi ya aina hii Kharkiv, Ukraine, mwaka 1987, na mwaka 2005 stenti ya kwanza ya aota ya kifua ilikubaliwa rasmi Marekani. Kwa hiyo si majaribio.

Kwa kidonda kinachopenya, stenti ina sababu ya kupendwa: tatizo ni fupi, liko mahali pamoja, na neli fupi inatosha. Mgonjwa huamka siku hiyohiyo au kesho yake, na siku chache baadaye anatembea nje ya hospitali. Kwa mzee wa miaka 70 na zaidi, hiyo ndiyo tofauti ya kurudi nyumbani na miguu yako au kwa kubebwa.

Sasa upande wa pili wa sarafu. Neli inahitaji takriban milimita 20 za ukuta mzima juu ya kidonda na chini yake, pa kushikia. Kidonda kikiwa karibu na mshipa wa mkono wa kushoto, huenda ukafunikwa, na hapo inabidi kuunganishwa kwanza njia nyingine ya damu. Na kumbuka mwenye kidonda hiki ana mishipa yenye chokaa kila mahali. Ya kinena inaweza kuwa myembamba mno kupitisha chombo, au ikachanika. Uchafu uliong'oka kwenye aota unaweza kukimbilia kichwani na kuleta kiharusi. Neli ikiziba vijishipa vinavyolisha uti wa mgongo, miguu inaweza kupooza. Ni wagonjwa wachache katika kila mia, lakini ulizia waziwazi, na uulize pia watafanya nini ikitokea. Jibu zuri litataja kupandisha tansio kwa makusudi kwa muda, na kutoa maji ya uti wa mgongo kwa mrija. Jibu la "usijali" si jibu.

Kuna jambo moja ambalo wauzaji wa safari za matibabu hawalisemi: stenti haimalizi kliniki. Neli inaweza kusogea, au damu ikapenya pembeni yake na kuendelea kukipiga kidonda kwa nyuma, na mgonjwa hasikii kitu. Inaonekana kwa picha tu. Mwenye stenti asiyepiga skaneri tena, kwa maoni yangu, yuko mahali pabaya kuliko mwenye vidonge anayefuata ratiba, kwa sababu anaamini amepona.

Kupasuliwa

Nitakuwa mfupi. Kifua kinafunguliwa, katikati kwa sehemu inayopanda, ubavuni kushoto kwa inayoshuka. Damu inaendeshwa kwa mashine, kipande kibovu kinakatwa, bomba la kitambaa cha Dacron linashonwa mahali pake. Faida yake ni kwamba ukuta mbovu umeondoka, na mshono ukishika vizuri hudumu. Hasara ni ukubwa wa kazi yenyewe: damu nyingi, siku kadhaa za chumba cha uangalizi mkali, wiki na miezi ya kurudi hali ya kawaida, na mapafu, figo na uti wa mgongo vyote viko rehani.

Kwa aina A ndiyo njia. Kwa aina B inabaki ya wale ambao neli haina pa kushikia, wenye uambukizo, au vijana walio na nguvu za kuistahimili. Umri peke yake si kufuli, ingawa shemeji yangu anaamini hivyo. Michael DeBakey, daktari wa Houston aliyeanzisha mabomba hayo ya Dacron, alichanika aota mwenyewe akiwa na miaka 97, akapasuliwa kwa njia aliyoibuni, akaishi hadi karibu miaka 100. Alikuwa na hospitali nzima nyuma yake, sawa. Lakini cha kupima ni moyo, figo na mapafu, si kitambulisho pekee.

Ubavu kwa ubavu, kwa mtu wa Lubumbashi

Ukiuliza ipi inaumiza kidogo leo, vidonge. Ipi inazuia kutoboka kwa kidonda cha hatari, stenti, ikiwa mishipa inaruhusu. Ipi inavumilia zaidi mtu asiyeweza kurudi kliniki? Hapo wengi wanakosea na kujibu stenti. Ni operesheni ndiyo inayohitaji picha chache zaidi baadaye, lakini ndiyo inayodai zaidi siku ya kwanza.

Ipi inachosha figo: vidonge, kidogo, kwa dawa ya skaneri kila mara, stenti zaidi, kwani dawa hiyo hutumika wakati wa kazi na tena kwenye ufuatiliaji. Pima kreatinini (kipimo cha damu cha figo) kabla ya kila skaneri, na usinywe diklofenaki wiki hiyo.

Ipi inamaliza fedha? Stenti na operesheni zinakula kwa mkupuo, vidonge vinakula polepole bila kelele. Ukiomba bei nje, omba proforma (hesabu ya bei) iliyoandikwa, na soma kama stenti yenyewe imo, siku ngapi za uangalizi mkali zimo, na kama skaneri ya kwanza ya ufuatiliaji imo. Familia moja tunayofahamiana iliuza kiwanja kwa bei ambayo, walipofika, ilikuwa ya chumba na daktari tu.

Kuhusu safari: mgonjwa mwenye maumivu mapya au tansio inayoruka hapandi ndege wala hakai barabarani kwenye foleni ya malori. Atulizwe hapa kwanza, alazwe, dawa za mshipani, hata kama mjomba wa Kolwezi anapiga simu kila saa. Akitulia, ndipo uwanja wa ndege wa Luano au mpaka wa Kasumbalesa. Ripoti yetu ya Kifaransa itafsiriwe kwa Kiingereza, kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, na zaidi ya yote beba CD yenye picha zenyewe. Daktari wa stenti hapimi karatasi, anapima picha, milimita kwa milimita, ili aagize neli ya saizi sahihi. Tena, itume picha kabla ya kutuma mgonjwa. Jibu la "huyu hahitaji kuja" ni jibu lililookoa nauli.

Na dalili za kutosubiri, kwa njia yoyote uliyochagua: maumivu ya mgongo yanayochana ghafla, kuzimia, sauti kukwaruza bila mafua, kukohoa au kutapika damu, mguu kuwa baridi au kukosa nguvu.

Tulipofika

Tulianza na vidonge. Mwezi wa kwanza, kina kilikuwa bado milimita 8, tukafurahi, yaya akachinja kuku. Miezi sita, milimita 11. Hapo nilijua bila kuambiwa, kwa sababu namba nilikuwa ninazo kichwani. Tukatuma CD kwa daktari wa mishipa huko Johannesburg. Amejibu kwamba mishipa ya kinena inapitika, pa kushikia neli papo, na kreatinini inaruhusu. Anashauri stenti.

Jana jioni nilimsomea Papa barua hiyo barazani. Alisikiliza hadi mwisho, mkono umefungwa kitambaa cha mashine ya tansio, kama kila jioni.

"Wakiweka hiyo bomba, vidonge naacha?"

"Hapana, Papa."

"Na skaneri?"

"Kila mwaka."

Mashine ikamaliza kulia. Akaisogeza karibu na taa, akavuta kidaftari chake.

"Basi andika, mwanangu. Mia na ishirini na nane kwa sabini na sita."